Si Kweli Kwamba "Ndivyo Walivyo"

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kila mzazi anaujua ukweli wa msemo huo, lakini sisi tunaomlea mtoto mwenye mtindio wa ubongo tunaujua kwa kijiko na kikombe, mlo kwa mlo, siku baada ya siku.

Wapendwa wasomaji, makala juu ya lishe ya watoto ni nyingi na zina manufaa. Zinatueleza wakati wa kumwanzishia mtoto uji, namna ya kuchanganya vyakula na umuhimu wa kumpeleka kliniki kila mwezi. Hata hivyo, yuko mtoto mmoja ambaye mara nyingi hatajwi humo. Ni yule asiyeweza kusimama juu ya mizani, ambaye miguu yake haikubali kunyooka kwenye ubao wa kupimia urefu, na ambaye bakuli moja la uji humchukua muda wa kupika chungu cha maharage. Mtoto wa namna hiyo tunaye nyumbani kwetu, hapa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Tumeona ni vema tuwashirikishe wazazi wenzetu yale tuliyojifunza juu ya kupima lishe na mwili wake, kwa sababu tunaamini wako wengi wanaoishi na jambo hili kimyakimya.

Binti yetu ana miaka minane. Alizaliwa kwa shida na akachelewa kulia. Alipofikisha miezi minane alikuwa bado hajakaza shingo, na daktari akatueleza kwamba ana mtindio wa ubongo. Maana yake ni kwamba sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo wa viungo iliumia wakati ubongo ulipokuwa bado unakua. Madhara hayo yanaweza kutokea mimba ikiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza ya maisha. Jeraha lenyewe la ubongo haliongezeki, lakini mwili unaoongozwa na ubongo huo hubadilika kadiri mtoto anavyokua. Misuli inaweza kukakamaa, viungo vikajikunja na mgongo ukapinda.

Jambo ambalo watu wengi hawalifikirii ni kwamba kutafuna na kumeza navyo ni kazi ya misuli. Ulimi, midomo, mashavu na koo lazima vifanye kazi kwa zamu na kwa wakati wake. Mtoto ambaye mkono wake haumtii, mara nyingi hata ulimi wake haumtii. Chakula kinarudi nje, kingine kinabaki shavuni, na kingine kinakosea njia na kuelekea kwenye mapafu. Kwa sababu hiyo mtoto anaweza kukaa mbele ya chakula kingi na bado akabaki na njaa.

NENO LILILOKUWA LIKITUUMIZA

Kwa miaka kadhaa, kila tulipouliza kwa nini binti yetu haongezeki, jibu lilikuwa lilelile: "Watoto hawa ndivyo walivyo." Tulilisikia kwa majirani, kwa ndugu, na hata kwa wahudumu wa afya. Wengine walilisema kwa huruma ili tusivunjike moyo. Wengine hawakusema lolote mbele yetu, lakini habari zilitufikia kwamba eti tunamnyima chakula kwa kuwa tumemchoka. Ndugu msomaji, hakuna maumivu yanayomzidi mzazi kama hayo. Mchana kutwa unahangaika na kijiko, na jioni unaambiwa kwamba hulishi.

Katika kituo kimoja cha afya, binti yetu akiwa na miaka saba, walimpima uzito akapata kilo 13.5. Kisha wakamlaza kwenye ubao wa urefu. Magoti yake hayanyooki, na alipoguswa na mikono migeni alizidi kukakamaa. Wakasoma kipimo hivyohivyo, huku magoti yamekunjika, wakaandika sentimita 96. Wakapiga hesabu ya kulinganisha uzito na urefu, wakatuambia: "Ni mfupi, lakini uzito wake unatosha kwa urefu wake. Ndivyo walivyo."

Tulirudi nyumbani na karatasi iliyosema kwamba mtoto wetu hana njaa. Lakini tulipomwogesha jioni ile tulizihesabu mbavu zake zote. Karatasi ilisema hivi, na macho yetu yalisema vingine. Tukaamua kutafuta mtu wa kutueleza kwa nini.

SIKU ALIPOPIMWA GOTI

Miezi miwili baadaye tulipata rufaa ya kwenda hospitali kubwa zaidi, na huko tukakutana na afisa lishe, dada mmoja mtaratibu aliyezoea watoto wa namna hii. Kitu cha kwanza alichofanya kilitushangaza. Hakumgusa mtoto. Aliomba mmoja wetu apande juu ya mizani peke yake, kisha apande tena akiwa amembeba binti yetu, naye akatoa uzito wa mzazi. Mtoto akiwa kifuani mwa mzazi wake hakulia wala hakukakamaa. Uzito ulikuwa kilo 13.5 kama zamani.

Kisha tukamwonyesha ule urefu wa sentimita 96. Akatikisa kichwa. "Baba na mama," alituambia kwa upole, "mtoto ambaye magoti yake yamekunja hapimwi kwa kulazwa kwenye ubao. Ni sawa na kupima kitambaa kabla hujakikunjua. Huyu tutampima goti."

Akamkalisha mapajani petu, akalikunja goti na kifundo cha mguu vikae kama pembe ya meza, akapima kutoka chini ya kisigino mpaka juu ya goti. Akarudia mara tatu. Akapata sentimita 30. Alitueleza kwamba mwaka 1995 daktari Mmarekani aitwaye Richard Stevenson alichapisha hesabu iliyotokana na kupima watoto wenye mtindio wa ubongo wa umri wa miaka 2 hadi 12. Unachukua kipimo cha goti kwa sentimita, unazidisha kwa 2.69, kisha unajumlisha 24.2. Jibu ni makadirio ya urefu wa mtoto.

Tulipiga hesabu pamoja naye. Mara 2.69 kwa 30 ni 80.7. Ukijumlisha 24.2 unapata 104.9. Binti yetu alikuwa na urefu wa karibu sentimita 105, wala si 96.

Msomaji anaweza kuuliza, sentimita tisa zina uzito gani? Zina uzito mkubwa sana. Wataalamu hulinganisha uzito na urefu kwa kugawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa urefu wa uongo wa sentimita 96, jibu la binti yetu lilikuwa karibu 14.6, nalo kwa msichana wa miaka saba halimshtui mtu. Kwa urefu wake wa kweli jibu lilikuwa karibu 12.3, nalo liko chini ya mstari ambao Shirika la Afya Duniani huuhesabu kuwa ni wembamba unaohitaji hatua. Mtoto ni yuleyule na kilo ni zilezile. Ubao ulikuwa umemfupisha, na kwa kumfupisha ukaificha njaa yake.

Siku hiyo tulielewa kwa nini macho yetu na karatasi vilikuwa havipatani.

Afisa lishe alituonyesha pia kwamba mahali ambapo goti nalo haliwezi kukunjwa vizuri, hupimwa mfupa wa muundi, kuanzia chini ya goti upande wa ndani hadi kwenye fundo la mguu. Au hupimwa mkono wa juu, kuanzia bega hadi kiwiko. Kila kimoja kina hesabu yake. Kama upande mmoja wa mwili umeathirika zaidi, hupimwa upande ulio mzima zaidi. Kwa hiyo hakuna mtoto asiyepimika.

KILO SI ZOTE ZINAFANANA

Baada ya hapo alitoa kifaa kidogo kinachobana kama kibanio cha nguo, chenye mshale unaoonyesha unene kwa milimita. Aliushika mkunjo wa ngozi nyuma ya mkono wa juu wa binti yetu, katikati ya bega na kiwiko, akaubana taratibu na kusoma. Hakuumia, alicheka tu kwa kutekenywa.

Tulimwuliza kuna haja gani ya kipimo hicho ikiwa uzito na urefu tunavyo. Jibu lake hatujalisahau. Alisema mwili wa mtoto ni kama gunia lililofungwa mdomo. Mizani inakuambia gunia lina kilo ngapi, lakini haikuambii ndani mna nini. Ndani ya mwili mna mifupa, misuli, maji na mafuta. Mtoto anayekimbia na kucheza hujenga misuli na mifupa. Mtoto asiyetembea hana misuli mingi, na mifupa yake ni myepesi. Kwa hiyo watoto wawili wenye uzito mmoja wanaweza kuwa na miili tofauti kabisa.

Mkunjo wa ngozi unaonyesha akiba ya mafuta aliyonayo mtoto. Wataalamu huwaza watoto 100 wa umri na jinsia moja waliopangwa mstari kuanzia mwenye mkunjo mwembamba hadi mwenye mkunjo mnene. Mtoto anayeangukia miongoni mwa kumi wa mwanzo huhesabiwa kuwa akiba yake imekwisha. Binti yetu alikuwa miongoni mwa hao kumi.

Hata hivyo alitutahadharisha kwamba kipimo hiki nacho kinataka ujuzi. Watoto wenye mtindio wa ubongo huwa na mafuta machache mikononi na miguuni, na mengine hukaa zaidi kiwiliwilini. Ndiyo maana hesabu za zamani, zilizotengenezwa kwa watoto wasio na ulemavu, zilionyesha mafuta kidogo kuliko yaliyopo, na mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walichapisha marekebisho yake kwa ajili ya watoto hawa. Mwaka 2017 jumuiya ya Ulaya ya madaktari wa tumbo, ini na lishe ya watoto ilitoa mwongozo unaosema kwamba haifai kutegemea uzito na urefu peke yake. Mkunjo wa ngozi upimwe pia, na vipimo virudiwe angalau kila baada ya miezi sita.

Kipimo hiki hakimsaidii mwembamba peke yake. Katika kikundi chetu cha wazazi yuko mvulana anayelishwa kwa mpira ulioingizwa tumboni. Kwenye kadi alionekana mwepesi kwa umri wake, na ndugu walikuwa wakimsihi mama yake amwongezee maziwa. Alipopimwa mkunjo wa ngozi ilionekana ana mafuta ya kutosha, tena yamezidi. Mtoto asiyetembea hutumia nguvu kidogo kuliko wenzake, hivyo chakula cha mtoto wa rika lake kinaweza kumnenepesha bila kumjenga. Na mama yake ndiye anayembeba kila siku, na mgongo wake si wa chuma. Lakini wako wengine ambao viungo vyao hujisokota na kutikisika mchana kutwa bila kupumzika, na hao huweza kuhitaji nguvu zaidi. Ndiyo maana hakuna sahani moja inayowafaa wote.

Kuhusu mifupa, wenzetu wengine walipatwa na jambo la kusikitisha. Mtoto wao alivunjika paja wakati wa kuvalishwa suruali, bila kuanguka wala kupigwa. Mfupa ambao haujabebeshwa uzito wa mwili kwa kusimama huwa dhaifu. Zaidi ya hayo, baadhi ya dawa za kifafa, kama vile fenobabito na fenitoini, hupunguza vitamini D mwilini, nayo ndiyo inayosaidia mifupa kupata madini yake. Dawa hizo zisiachwe hata siku moja bila idhini ya daktari, kwa maana degedege ni hatari. Muulize daktari juu ya vitamini D, mtoe mtoto juani, na msikilize mtaalamu wa mazoezi ya viungo kuhusu kumsimamisha kwa msaada wa ubao au meza maalumu.

ALINGANISHWE NA NANI?

Swali jingine lililotusumbua ni hili: binti yetu alinganishwe na nani? Mistari ya ukuaji ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 kwa watoto wa chini ya miaka mitano ilitokana na watoto wenye afya njema wa nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Mtoto asiyetembea mara nyingi huwa chini ya mistari hiyo hata akilishwa vizuri, na mzazi hukata tamaa.

Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walichapisha mistari mingine, iliyotokana na watoto zaidi ya 25,000 wenye mtindio wa ubongo wa jimbo la California. Watoto waligawanywa kwa ngazi tano za uwezo wa mwendo zilizopangwa mwaka 1997. Ngazi ya kwanza ni ya anayetembea bila msaada, na ya tano ni ya asiyeweza kukaza shingo wala kukaa mwenyewe. Binti yetu yuko ngazi ya tano.

Tulifurahi tuliposikia hivyo, lakini afisa lishe alituwekea mpaka. Mistari ya California inaonyesha jinsi watoto wale walivyokuwa, haionyeshi jinsi walivyopaswa kuwa. Huenda baadhi yao hawakuwa wakishiba. Na wataalamu walipochunguza, waliona kwamba watoto waliokuwa wepesi sana hata kati ya wenzao wa ngazi ileile ndio waliougua na kufariki zaidi. Kwa hiyo wembamba ule si umbile la kawaida la mtindio wa ubongo. Ni hatari inayoweza kuzuilika.

Hata karibu nasi ushahidi upo. Mwaka 2015 madaktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 135 wenye mtindio wa ubongo. Zaidi ya nusu walikuwa na utapiamlo, na waliozidi miaka mitano ndio walioathirika zaidi. Umri huo ndio ambao mtoto amekwisha kuacha kliniki ya kila mwezi na hakuna tena anayempima. Hata ule utepe wa rangi unaozungushwa mkononi, wenye alama ya sentimita 11.5, umewekwa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mtoto wa miaka saba akivishwa utepe huo na kuambiwa yuko salama, bado hajapimwa.

TULIVYOBADILISHA MEZA YETU

Afisa lishe alitupa kazi ya kufanya kwa siku tatu: kuandika kila anachopewa mtoto, kiasi kinachomwagika, na muda wa kila mlo. Daftari lilionyesha kwamba mlo mmoja ulichukua dakika 50 na zaidi, na robo ya chakula iliishia kwenye kitambaa cha kifuani. Alituambia kwamba mlo ukizidi dakika 30 kila mara, hiyo ni dalili ya shida. Mtoto anachoka, na nguvu anazopata kwenye uji anazimaliza kwa kuumeza.

Hapo ndipo ikaja habari ya Bibi. Mama mkwe tunaishi naye, na mkono wake ndio uliomlisha mjukuu huyu tangu utotoni. Alimlaza mapajani, kichwa kimeegemea nyuma, akamimina uji taratibu, kama alivyofanya kwa watoto wake saba. Tulipomweleza juu ya vipimo na mlo mpya alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Wanangu, huyu ndivyo alivyoumbwa. Msimchoshe mtoto na hesabu."

Hatukubishana naye. Mkubwa habishiwi mbele ya sufuria yake. Tulimwomba atusindikize siku ya mazoezi ya viungo. Mtaalamu alimsalimu shikamoo, akampa kiti, kisha akamwomba jambo moja: "Bibi, hebu tazama juu darini umeze mate." Bibi akajaribu, ikawa taabu. "Sasa inamisha kidevu kidogo, umeze tena." Ikapita. Bibi akacheka, akasema, "Kumbe mjukuu wangu nilikuwa namzamisha!" Mtaalamu akamjibu, "Hapana Bibi, bila mkono wako asingekuwepo hapa. Sasa tunaurahisishia mkono huo kazi." Tangu siku hiyo Bibi ndiye mwalimu wa kila anayemshika mtoto yule: mgongo wima, nyonga zimekunjwa, kichwa katikati, kidevu chini kidogo, anayelisha akae mbele na macho yake yawe usawa wa macho ya mtoto.

Na chakula chenyewe hakikutoka ng'ambo. Mtori tunao, lakini sasa unapondwa mpaka unakuwa laini usio na mabonge, na nyama yake inasagwa ndani. Uji unawekwa karanga zilizosagwa, maziwa na kijiko cha mafuta ya alizeti. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kina kalori zipatazo 40, na hakijazi tumbo. Parachichi lililopondwa, yai lililoiva vizuri, maharage yaliyochujwa maganda, vyote vinaingia kwa zamu. Milo mitatu mirefu ikawa mitano mifupi. Maji matupu yalikuwa yakimpalia, basi tunampa vinywaji vizito kidogo kwa kijiko, tena mara nyingi, kwa sababu akipungukiwa maji hufunga choo, na akifunga choo hukataa kula. Baada ya mlo hakai chini ya nusu saa akiwa wima kabla ya kulazwa.

BAADA YA MIEZI SITA

Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba kama baada ya miezi sita hakuna ongezeko, au kama kupaliwa na homa za kifua zinaendelea, tutazungumza juu ya mpira wa kulishia tumboni. Neno hilo lilitunyima usingizi. Lakini yule mama wa mvulana alituambia maneno ya kututuliza: kwamba tangu mpira uwekwe mwanawe hakulazwa tena kwa homa ya mapafu, na kwamba sasa anapomshika anamshika kwa kucheza naye, si kwa kupigana na kijiko. Tuliamua kwamba tukifika huko hatutaona aibu. Mpira ni njia ya chakula kama kijiko kilivyo njia.

Siku ya kupima ilipofika, goti lilikuwa sentimita 30.5, maana yake urefu wa karibu sentimita 106. Uzito ulikuwa kilo 15.2. Mkunjo wa ngozi ulikuwa umeongezeka. Katika miezi ile sita aliugua kifua mara moja tu. Daktari akasema tuendelee hivihivi, tupime tena baada ya miezi mitatu.

Binti yetu hatembei, wala hakuna aliyetuahidi kwamba atatembea. Lakini analala usiku kucha, kidonda kilichokuwa kikimsumbua mgongoni kimefunga, na akisikia sauti ya Bibi hucheka kwa nguvu ambayo zamani hakuwa nayo. Mtoto mwenye njaa hana nguvu ya kucheka. Kwa hilo tunamshukuru Mungu.

MZAZI MWENZETU

Kama unaye mtoto wa namna hii, au unamjua mwenye naye, tunakuomba ushike machache haya.

Mpime uzito kwa kumbeba na kutoa uzito wako, katika mizani ileile kila mara, na uandike tarehe. Ikiwa miguu haikunjuki, usikubali urefu wa ubao. Omba apimwe goti, muundi au mkono wa juu. Omba pia apimwe mkunjo wa ngozi pale penye kifaa na mtu aliyefundishwa. Vipimo vyote virudiwe angalau kila miezi sita, na kwa mtoto mdogo au aliye dhaifu mapema zaidi.

Tazama saa wakati wa mlo. Ukiona mlo unazidi nusu saa kila siku, mtoto anakohoa au kupaliwa akila, sauti inakuwa na majimaji baada ya kumeza, homa za kifua zinajirudia, au uzito umesimama kwa miezi kadhaa, usingoje. Mpeleke hospitali na daftari lako mkononi. Daftari la mzazi lina maneno ambayo mtoto wetu hawezi kuyasema.

Na nyinyi ndugu, majirani na waumini wenzetu, mnapomwona mtoto mwembamba mgongoni mwa mama yake, msiseme halishwi, wala msiseme ndivyo walivyo. Mshikieni mtoto dakika ishirini ili mama naye ale. Msindikizeni siku ya kliniki, kwa maana mtoto wa miaka minane ni mzito mgongoni na daladala haisubiri. Msaada kama huo haugharimu fedha, na kwa mama huyo unaweza kuwa ndio mlo wake wa kwanza wa siku aliokula bila haraka.